Kusimama kwa Kiswahili

Alizaliwa wapi, na nani, sijui, na wala sijauliza. Mtu akikusumbua miaka mingi kwenye njia panda moja, habari za babu yake hazikuhusu. Kampuni ilimpa kazi ya usalama, kwa hiyo kambi nzima ikamwita Sefti: Wanepali Sefti, Wahindi Sefti, Wamisri Sefti. Sisi Wakenya na Waganda, kwa kuheshimu mvi, tukamwongezea cheo akawa Mzee Sefti. Alikuwa mhubiri wa neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa limeandikwa kwenye bango jekundu la pembe nane ambalo kila mtu mwingine wa Industrial Area ya Doha alilipita kama anavyopita tangazo la rangi ya nyumba.

Ili umwelewe, ielewe kwanza njia panda. Kambi yetu iko upande huu, karakana ziko upande ule, na katikati barabara mbili zinakatana, kila mkono una bango lake, Kiarabu juu, Kiingereza chini. Hapo hupita malori ya mchanga, matangi ya maji taka, mabasi ya kampuni yaliyojaa watu waliolala wameegemeza vichwa kwenye vioo, na sisi wa baiskeli. Mimi ni fundi wa AC. Begani nina mfuko wa spana na geji, nyuma nimefunga mtungi wa gesi kwa mpira, na kichwani nina jua la Agosti la Doha, ambalo halijui kwamba mimi pia nina mama. Sasa wewe msomaji, mtu mwenye akili zako, niambie: barabara nyeupe pe, gari hakuna mbele, gari hakuna nyuma, hata paka wa kambi amejificha chini ya pikapu. Utasimama kabisa? Utautupa mwendo wote ule uliouchuma kwa jasho tangu getini, halafu uanze upya kukanyaga pedali na mzigo wako? Sisi tulisema la. Tulipunguza mwendo, tukatazama huku, tukatazama kule, tukateleza. Mwenye baiskeli ana macho na masikio wazi, hana vioo wala muziki wala AC. Anajua kinachokuja kabla dereva hajamaliza kupiga miayo. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yetu, na mpaka leo naiona ni hoja nzuri.

Mzee Sefti hakujali hoja nzuri. Yeye alikuwa na sarufi.

"Bango linasema nini?" angekuuliza, tayari amekushika usukani.

"Stop, Mzee."

"Kwa lugha yetu?"

"Simama."

"Haya. Mtu aliyeketi, amesimama?"

"Hajasimama."

"Na wewe hapo juu, makalio kwenye kiti, unafanya nini?"

Hapo alikuwa amekwisha kukufunga. Huwezi kuketi na kusimama kwa wakati mmoja, hata uwe Mganda. Kwa hiyo, kwa mujibu wa Mzee Sefti, baiskeli ikifika kwenye bango mwenye baiskeli ashuke kitini, miguu yote miwili ikanyage lami, anyooke kama mtu anayeimba wimbo wa taifa, ndipo aruhusiwe kuendelea na safari yake ya kwenda kufungua kompresa. Nikamwambia, "Mzee, hata dereva wa gari ameketi, na bado tunasema gari limesimama." Hakufikiri hata kidogo. "Gari lina miguu minne," akasema. "Ng'ombe ana miguu minne, anasimama. Baiskeli umeona wapi ikisimama? Ukiiacha inaanguka. Baiskeli huegemezwa, Busia. Anayesimama ni mtu."

Aliniita Busia kwa sababu ndiko nilikotoka, na huko kwetu mpakani baiskeli si chombo cha kuchezea. Ndiyo iliyozaa boda boda. Nimebeba wajawazito, nimebeba magunia ya mahindi, nimebeba kitanda na godoro lake, na siku moja nimembeba shemeji pamoja na mbuzi wa mahari. Mabango hayakuwepo, ulisimama ukikutana na ng'ombe au mama mkwe. Nilikuwa na ufundi mmoja niliojivunia pengine kuliko cheti changu: naweza kuituliza baiskeli pale pale, miguu juu ya pedali, gurudumu halisogei hata kidogo, nami niko kitini nimetulia kama sufuria juu ya mafiga. Wanepali walinipigia makofi. Mzee Sefti alitazama mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Sarakasi. Magurudumu yamepumzika, lakini mtu hajasimama."

Halafu kulikuwa na ule Uarabu wake. Juu ya bango pameandikwa neno fupi la Kiarabu, kif, yaani hilo hilo simama. Mzee Sefti, ambaye Kiarabu chake chote kilikuwa salamu, yalla ya kuhimizana na jina la mkate, aliwafundisha wageni wote waliotoka kwetu kwamba neno lile ni "kifo", ila wenye nchi wamebana rangi, ile o wameiacha. "O utaimalizia mwenyewe usiposimama," alisema. Wasswa, Mganda aliyekuwa mlinzi wa geti letu na rafiki yangu, aliliamini jambo hili kwa moyo wake wote, muda mrefu sana. Siku moja akamuuliza Mmisri wa stoo, kwa unyenyekevu, kwa nini nchi yenye neema hivi inaandika kifo kwenye kila kona. Mmisri alicheka mpaka akaketi juu ya mabomba. Wasswa akaja kwa Mzee amefura.

"Banange, Mzee! Umenidanganya!"

"Ulikuwa unasimama kwenye bango siku zote hizo?"

"Nilikuwa nasimama."

"Uko hai?"

"Niko hai."

"Basi nimekudanganya vizuri."

Kabla ya kuja Doha alikuwa mwalimu wa shule ya udereva. Aliyesomea udereva Kenya anaijua kazi hiyo: kuna ubao mpana uliochorwa mji mzima, barabara zake, raundabauti yake, reli yake, na vigari vya plastiki, nawe unasukuma kigari kwa kidole huku ukieleza unakwenda wapi na kwa nini. Mzee alifundisha kwenye ubao huo miaka mingi. Alijisifu kwamba hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kugonga mtu, na namwamini, maana mji ule haukuwa na watu. Alipofika kambini akauhamisha. Alichora njia panda yetu kwenye katoni la friji, vifuniko vya soda vikawa baiskeli, kopo la samaki likawa lori, na kila Ijumaa, ambayo huku ndiyo Jumapili yetu, watu wakisharudi msikitini na kanisani, alitukusanya kwenye kivuli cha tangi la maji tusukume vifuniko. Watu wazima, wenye wake na ndevu! Ukisahau kusema "nashuka, nakanyaga lami," kopo la samaki linakuja linakugonga, na yeye mwenyewe anatoa mlio wa breki kwa mdomo. Mimi nimekufa kwenye katoni lile mara nyingi, na kila mara alinifanyia tanzia fupi.

Baiskeli alikuwa nayo, usidhani. Nyekundu, nzuri, kengele mbili, taa mbele na nyuma, kiti bado kimevaa nailoni ya dukani. Aliikokota. Alikwenda nayo kantini akiikokota, akarudi akiikokota, siku za upepo wa vumbi alisukumana nayo kama watu waliogombana. Tulidhani ni goti, au ni unyenyekevu. Wasswa ndiye aliyegundua ukweli: Mzee hakujua kuendesha baiskeli. Hajawahi kupanda hata mara moja. Yaani sheria yote ya kusimama imetungwa na mtu ambaye hajawahi kwenda. Nilipomfichua mbele ya watu hakuona haya hata kwa bahati mbaya. "Daktari wa uzazi amewahi kuzaa?" akauliza. Nikamwambia wapo madaktari wa kike, Mzee, na wamezaa. Akasema hatuwazungumzii hao.

Na yapo mambo ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kusimama. Maneno, kwa mfano. Akianza kukueleza jambo hana mkato wala nukta. Unaweza kwenda kuoga ukarudi ukamkuta kwenye sentensi ile ile. Foleni ya kantini vilevile. Aliipita yote kutoka mkiani hadi kichwani, sahani kifuani, akisema "usalama, usalama," ati anakwenda kukagua moto wa jikoni, na alikagua moto huo mpaka akatoka na mapaja ya kuku. Akiwa kwa miguu aliikata barabara popote palipompendeza, kwa sababu, alisema, mtu wa miguu amesimama tayari.

Misemo alikuwa nayo ya kumwaga. "Anayesimama nusu hufa mzima." "Lori halisomi mawazo." Ukiwa na subira ya kumsikiliza, kitu ambacho sikuwa nacho, ndani ya makapi yale ungepata punje. Siku moja aliniambia kwa upole, bila kunishika usukani: "Wewe unamwona dereva, sawa. Je, yeye anakuona? Ameamka alfajiri, simu inalia, jua liko machoni. Anachojua ni kitu kinachokwenda na kitu kisichokwenda. Wewe unayekwenda nusu, hajui akuweke wapi." Nilijua ana ukweli, na ndiyo maana niliudhika. Nikamjibu kwamba ukweli huo awaambie wenye malori. Akasema wenye malori hawamsikilizi. "Nyinyi pia hamnisikilizi," akaongeza, "lakini nyinyi ni wangu."

Hilo la wangu nalitaja kwa haki tu. Kampuni haikumwagiza kusimama pale alasiri, saa ambazo hata nzi wa Doha wanatafuta kivuli. Alikwenda mwenyewe, taulo lililoloweshwa kichwani, mwavuli wa hoteli mkononi, sijui aliutoa wapi, akawa anatuhesabu tukirudi kutoka karakana kama mama anayehesabu kuku. Asiyerudi alimtafuta. Sisi tulimwona kero. Wasswa alikuwa akipiga filimbi getini kututahadharisha: "Sefti yupo!" Nasi tunanyooka vitini, tunashuka, tunakanyaga lami kwa unafiki mkubwa, tunapita.

Mimi filimbi haikunisaidia kila siku. Mzee alinipa onyo la kwanza kwa kuteleza. La pili alinipa kwa ile sarakasi yangu. Nilikuwa nimeituliza baiskeli kabisa, Mungu ni shahidi, lakini makalio yalikuwa kitini. Nikapiga kelele, nikaita watu, nikasema nimeonewa. "Umesimama?" akauliza. Nikashuka kitini. Kwa sheria ya kampuni onyo la tatu halipo. La tatu ni tiketi ya ndege, kwenda tu. Na mimi wakati huo nilikuwa namjengea mama nyumba, imefika linta, mama analala jikoni kwa jirani akingoja bati. Kurudi nyumbani katika hali ile si kurudi. Ni kwenda kumwangalia mama usoni kila asubuhi.

Basi ajali ikaja. Nilifika kwenye bango alasiri, gari sikuona. Nikaituliza baiskeli, miguu juu ya pedali, tuli. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikakanyaga. Pikapu ilitoka mkono wa kulia, ambako pia kuna bango, na dereva wake, kwa bahati mbaya, alikuwa na falsafa kama yangu: alipunguza, akateleza. Tulikutana katikati, falsafa moja, vyombo viwili. Nakumbuka mtungi wa gesi ukibingirika, nakumbuka lami ikiunguza shavu. Miguu yangu yote miwili ilikuwa chini sasa, na mgongo, na kichwa, kwa hiyo Mzee hakuwa na la kulalamikia. Yeye ndiye aliyenifikia wa kwanza. Aliacha mwavuli, akanifunika uso kwa lile taulo lake lenye maji, akaketi barabarani na kichwa changu mapajani, akawapungia malori mkono yapite mbali. Ajabu ni kwamba hakusema neno. Nilidhani nimekufa.

Sikufa, nilivunjika mguu, nikawekewa vyuma. Polisi walimaliza yao haraka: pikapu ina makosa. Lakini kampuni ina sheria yake, na swali lake lilikuwa moja. Busia alisimama kwenye bango, au hakusimama? Akiwa hakusimama, hilo ni la tatu, kama ni kupona akaponee kwao. Kamera haikuwepo. Shahidi alikuwa mtu mmoja tu aliyekuwepo pale ametoa macho, na mtu mwenyewe ni yule aliyeniambia miaka yote hiyo kwamba tangu nizaliwe sijawahi kusimama. Nilipolala kitandani na mguu umeninginia nilicheka peke yangu, kicheko kibaya, hata mgonjwa wa jirani akamwita nesi.

Wasswa alikwenda kumsihi. Alirudi kuniona amekunja uso.

"Nimemwambia, Mzee, ni neno moja tu, sema alisimama."

"Akasemaje?"

"Akasema hakusimama. Nikamwambia, ssebo, mama yake analala jikoni kwa watu. Akasema anajua. Akasema lakini hakusimama." Wasswa akajifuta uso kwa kofia. "Yule mzee ni jiwe, Busia. Hata jiwe ukilipasha moto linapasuka."

Nilimchukia Mzee Sefti wiki ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Nilimtungia maneno kitandani, mengine siwezi kuyaandika hapa. Mzee wa kukokota baiskeli, mla mapaja ya watu, ana ujasiri wa kudanganya juu ya kifo, na siku moja ambayo uwongo ungemjengea mama wa mtu paa, ghafla amekuwa mtakatifu.

Siku ya kuitwa ofisini nilikwenda kwa magongo. Meneja alikuwa mtu mstaarabu, wa kutoka mbali, asiyejua Kiswahili hata cha salamu. Alinipa pole, akanipa kiti, akafungua faili langu lenye maonyo mawili. Mzee Sefti alikuwa mlangoni, shati limepigwa pasi, kofia ya kazi kwapani. Hakunitazama. Meneja akamuuliza kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha pekee waliyokuwa nayo wote wawili: "Did he stop?"

Mzee akajinyoosha.

"Sir, he stop," akasema. "He not stand."

Meneja aliinua nyusi. Akauliza kama baiskeli ilikuwa imetulia kabisa, au ilikuwa inasogea. Mzee akasema haikusogea, gurudumu lilikuwa limekufa, yeye aliliona kwa macho yake. Meneja akauliza, sasa hiyo ya pili, hiyo ya kutokusimama wima, ina maana gani?

"That one, sir," akasema Mzee Sefti, "is our matter. Your board say stop only."

Meneja alitazama faili, akatazama mguu wangu, akatutazama sisi wawili kama mtu aliyefungua mlango akakuta ugomvi wa ndugu. Akalifunga faili. Akasema basi, alisimama, apumzike mpaka apone, arudi kazini. Ilichukua muda mfupi kuliko kuagiza chai. Nilipopata magongo yangu na kutoka nje, Mzee alikuwa amekwisha ondoka. Nilimwona mbali akiikokota baiskeli yake kuelekea njia panda.

Hakunisemesha. Nikipita na magongo anatazama mabomba. Nami nina kiburi changu, sikumsemesha. Nilijiambia kwamba hakunitetea. Ni ubishi wake ule ule, mtu wa sarufi amebanwa na sarufi ya wengine, ikatoka ilivyotoka. Niliishi na maelezo hayo vizuri tu, mpaka nilipokwenda mjini, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kwa Naliaka.

Naliaka ni nesi, mtu wa Bungoma, tunaitana ndugu kwa kuwa tuko mbali na nyumbani na kwa kuwa hupika mrenda, mboga ya kwetu. Alinitazama mguu, akaubonyeza pale panapouma zaidi, ndivyo walivyo, kisha akanipakulia chakula, akaniuliza, "Yule mzee wenu wa usalama alipata alichokuwa anatafuta?"

"Mzee gani?"

"Yule mwenye mvi, tunayesali naye. Alikuja hapa ukiwa umelazwa. Nilidhani ni presha, nikatoa mashine. Akagoma kuingia, akabaki hapo koridoni, ananiuliza ati kwa Kiingereza mtu anaweza kusimama akiwa ameketi."

Nikaweka kijiko chini.

"Nikamwambia, Mzee, kwa Kiingereza hayo ni maneno mawili. Kuna kukoma kwenda, kuna kusimama wima. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniuliza kama nina hakika, kama ningeweza kuapa. Nikamwambia mimi ni nesi, si kamusi. Akashuka ngazi akirudia mdomoni, stop, stand, stop, stand, kama mtoto anayetumwa dukani asisahau." Naliaka akacheka. "Na Ijumaa iliyofuata akaja tena, kuhakikisha. Mtu aliyefundisha alama za barabara maisha yake yote!"

Mimi sikucheka. Mrenda ulipoa mbele yangu na Naliaka akafikiri nimeudhika na chumvi. Nilikuwa namwona mzee yule, na hiyo safari ndefu ya basi kutoka Industrial Area, siku yake pekee ya mapumziko, mara mbili, anatafuta ufa mdogo kwenye ukuta alioujenga mwenyewe, ili mimi nipite. Uwongo ungemchukua dakika, angeukuta hapo hapo getini, Wasswa alikuwa amekwisha kumtafunia. Hakuutaka. Alitaka kuniokoa, na alitaka iwe kweli. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa mgumu kiasi kile na mwema kiasi kile kwa wakati mmoja. Mimi nilizoea wagumu kivyao na wema kivyao.

Mkataba wake uliisha baridi ilipoanza kuingia, baridi yetu hii ya kuvaa sweta moja na kujisifu. Nilikutana naye Al Sadd, barabarani mbele ya maduka, peke yake, amebeba begi jipya tupu. Mtu yeyote wa kwetu akimwona mwenzake na begi tupu Al Sadd hana haja ya kuuliza; huyo anakwenda nyumbani, anatafuta mablanketi. Nilikuwa nachechemea kidogo. Alinitazama ninavyokuja, akautazama mguu, akasema, "Unakanyaga vizuri."

Nikamkaribisha chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki. Tuliketi kwenye viti vya plastiki nje ya mkahawa wa Wahindi, begi lake katikati yetu. Alizungumza, bila mkato wala nukta, habari za bei za mablanketi na ujinga wa wauza mablanketi, nami nikamngoja, kwa mara ya kwanza nikamngoja kweli, mpaka akanywa chai na kukawa na nafasi.

"Mzee, sijakushukuru."

"Kwa lipi?"

"Kwa siku ile ofisini."

"Niliulizwa kwa Kiingereza, nikajibu kwa Kiingereza. Hakuna shukrani hapo."

"Na wangekuuliza kwa Kiswahili?"

Akapuliza chai, ingawa ilikuwa imepoa zamani. "Ningesema hukusimama. Sasa hivi ungekuwa kwenu unachunga ng'ombe wa shemeji."

Nilitaka kumwambia kwamba Naliaka amenieleza yote, koridoni na kurudia na ngazi. Lakini nilimwona alivyokaa, amenyooka, ameshika kikombe kwa mikono miwili, mtu anayerudi nyumbani na heshima yake yote, nikaona nisimpokonye.

"Basi ni bahati yangu meneja hajui Kiswahili," nikasema.

"Ni bahati yako kubwa," akajibu Mzee Sefti. "Wiki nzima ile nilikuwa namwomba Mungu asije akajifunza."

Kisha akamaliza chai, akachukua begi lake, akaniambia nimsalimie mama, akaenda zake kubishana na wauza mablanketi. Na mimi, mtu mzima, fundi, mwana wa Busia, nikabaki kwenye kiti cha plastiki nikilia mbele ya Wahindi wa watu.